Ruta ya Kabatini

Marangu, 4 Machi 2024

Mwanangu Yuditha,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo huko Oslo, na mjukuu wangu Ndelilio hajambo? Sisi wazima, isipokuwa macho ya mama yako. Daktari anasema presha ya macho imeshalimaliza jicho la kulia na la kushoto linafuata, dawa ni za kuchelewesha tu. Anachotaka ni kumwona Ndelilio kabla giza halijafunga. Kwenye simu ya jirani kioo kilikuwa kidogo, akaona ukungu mtupu. Laptop na ruta ya intaneti ulizotuma zimefika, lakini laptop haiioni waifai kabisa. Barua pepe hii naituma kutoka duka la intaneti la sokoni. Nifanyeje?

Baba yako

Oslo, 5 Machi

Shikamoo baba. Nimesoma, nimelia, nimejifuta. Kwenye laptop kuna kitufe chenye kijindege. Kikiwaka, waifai inakufa, kizime. Halafu niambie ruta umeiweka wapi. Ningekuja mwenyewe, ila vibali vyetu vya ukaazi bado, nikitoka huku sirudi. Mwambie mama Ndelilio atavaa lile sweta la njano alilomfumia.

Mwanao

Marangu, 9 Machi

Marahaba mama. Kijindege nimekizima, bado. Ruta usiwe na wasiwasi nayo, nimeifungia kwenye kabati la vyombo vya wageni na kuifunika kitambaa cha mama yako. Mawingu yakishuka mlimani naichomoa kwa ajili ya radi. Siku hizi yanashuka kila mchana.

Baba yako

Oslo, 10 Machi

Shikamoo baba. Jamani! Ruta ni ya kufungiwa na sahani za harusi? Itoe, iweke mezani bila kitambaa, na uiache imewashwa. Jina lake litatokea kwenye laptop. Paswedi iko kwenye stika chini ya ruta. Fanya haraka baba, nakuomba.

Mwanao

Marangu, 24 Machi

Mwanangu, hamjambo? Jina lilitokea, nikashangilia hadi ng'ombe akashtuka. Ila stika haipo. Mchungaji alipokuja kuviombea vifaa vyako, mama yako alitaka ving'ae. Akabandua kila karatasi, akasugua kwa limau na jivu. Unamjua. Jirani akanishauri nibonyeze kitundu cha nyuma ili ruta ianze upya. Nikabonyeza kwa kulabu ya kufumia. Imeanza upya kweli, na mtandao umefutika wote. Fundi Kornel wa Njoro atapanda huku barabara ikikauka.

Mama yako analia akisema yeye ndiye aliyeharibu.

Baba yako

Oslo, 14 Aprili

Shikamoo baba. Mbona kimya? Pasaka imepita sijasikia neno. Mwambie mama hajaharibu chochote. Macho yanaendeleaje? Fundi je?

Mwanao

Marangu, 2 Mei

Mwanangu, salamu nyingi. Utelezi ulitufungia, sikuweza kushuka sokoni. Fundi amekuja leo, ruta imeshika mtandao. Tupigie Jumapili baada ya ibada. Mama yako ameshatoa kitenge kipya sandukuni.

Baba yako

Oslo, 6 Mei

Shikamoo baba. Jana nilifurahi mno. Mama alicheka, akasema Ndelilio ana paji la uso lako. Kisha akasema, "Njano imekupendeza, mjukuu wangu." Nawe ukaitikia, "Kweli kabisa."

Baba, sweta la njano lilitapikiwa kabla hatujapiga. Ndelilio alivaa la bluu.

Tangu lini?

Mwanao

Marangu, 8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tangu wiki ya Pasaka, ila tulitumaini kioo kikubwa angekiona. Fundi alipowasha laptop, kioo kikang'aa sebule nzima, mama yako akaniuliza kama umeme umekatika. Kisha akanishika mkono, akasema nisikwambie, maana umehangaika sana na hii ruta. Nami niliikalisha kabatini siku zile angali anaona. Hilo linaniuma na litaendelea kuniuma.

Sasa iko mezani, taa zake zote zinawaka, hata radi ikipiga siichomoi. Tangu asubuhi mama yako amekaa mbele ya laptop na kitenge chake, anauliza Jumapili ni lini.

Usimwambie kwamba umejua. Lifue lile sweta. Jumapili mvalishe Ndelilio la njano.

Baba yako