Safu ya Jina la Mama

Annexe, Lubumbashi
Jumamosi, tarehe 4 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Habiba,

Assalam aleikum wa rahmatullah. Kwanza afya yako, maana ndiyo ninayoiwaza kila nikipita mbele ya kiti chako pale maternité, kliniki yetu ya uzazi. Goti linaendeleaje? Na mzee wako, Baba Kasimu, kifua kimetulia, au baridi ya ziwa bado inamsumbua? Sisi huku tuko salama, alhamdulillahi. Joto limetushika, mvua bado, na vumbi la barabara yetu linaingia hadi ndani ya sufuria.

Barua hii anaileta Léa, jirani yetu anayekuja Pweto kununua samaki wakavu. Nimemwapisha aiweke mkononi mwako, si mwa mtu mwingine. Simu zangu hupokei tangu mwaka jana, nami sikulaumu. Lakini barua haikatwi kama simu. Utaweza kuichana tu, na ninavyokujua, hutaichana kabla hujaimaliza.

Sasa habari yenyewe, nayo si nzuri mwanzoni.

Unakumbuka nilipohamisha majina ya akina mama kutoka daftari zako kwenda kwenye kompyuta. Baada ya wewe kuondoka niliendelea. Faili zote sasa zimewekwa mtandaoni, kwenye hilo kabati la mbali wanaloliita wingu, ambako panya hawafiki wala paa halivuji. Kisha mume wangu Idrissa akanisaidia kuliunganisha na programu ya miadi. Mama akipewa siku yake ya kuja, programu inakwenda yenyewe kulitafuta faili lake, inamtumia ujumbe kwenye simu siku moja kabla, na asubuhi faili liko tayari mbele ya Christiane, mkunga wetu mkubwa. Isipolipata, inafungua jipya na kuandika: mgeni. Hakuna anayegusa kitu. Nilijivuna, Shangazi, niseme kweli. Akina mama wanaotoka mashambani kwa miguu walikuwa wanapoteza nusu siku wakingoja tupekue maboksi. Sasa wanafika saa yao, wanapimwa, wanarudi kulima.

Mwezi wa nane akaja mama mmoja mwenye mimba, akajiandikisha kwa jina la Mama Mapasa. Programu ikatafuta, haikupata, ikafungua faili jipya. Mgeni. Alikuja mara tatu na kila kitu kilikuwa kizuri. Tarehe 11 Septemba, saa nane mchana, akajifungulia kwetu. Mtoto alitoka vizuri. Kisha damu ikaanza, ikakataa kusimama.

Christiane alimshikilia tumbo ndani ya taxi mpaka hospitali kubwa, mikono yote miwili, bila kuiachia. Mimi nilikaa mbele na dereva, nikisoma kila sura niliyoijua. Walimwekea chupa nne za damu. Siku ya tatu ndipo alipofungua macho na kututambua. Mungu ni mkubwa.

Na huyo mgeni ni nani? Ni Mwelwa, Shangazi, nasi tulilijua hilo hospitalini tu, mama yake alipotuambia. Mwelwa wako, aliyemzaa mwanawe Chola kwetu miaka minne iliyopita, ambaye wewe mwenyewe ulimpeleka hospitali kwa damu ile ile. Faili lake lilikuwapo muda wote, na maneno yako ndani yake: huyu asizalie hapa tena. Ila lilikuwa limelala kwa jina la Mama Chola. Baadaye alimfuata mumewe kule Kinsevere, akazaa mapacha huko, na tangu hapo nani atathubutu kumwita Mama Chola? Ukizaa mapasa, jina la zamani limekwisha, kulitaja ni kuwatukana watoto. Jambo hilo hata mtoto wa hapa analijua. Mimi nimezaliwa hapa, na sikulifikiria.

Nilipomwuliza Mwelwa kwa nini hakutuambia, alinijibu taratibu, bado hana nguvu: “Miye nilizania munayua. Dossier yangu si iko kwenu? Telephone ilinisalimia na jina yangu.” Nilikosa pa kuficha uso. Mama yake mzazi, Numbi, alikuwa ameketi pembeni. Akaniangalia, akasema: “Mama Habiba iko wapi? Yeye njo alikuwa anatuuliza mama yako ni nani. Ninyi munauliza machine.”

Hapo ndipo nilipokumbuka safu yako ya tatu.

Kila daftari lako lilikuwa na safu ile: jina la kuzaliwa la mama yake. Ulikuwa unasema mwanamke ataitwa kwa mtoto wake, kwa mume wake, kwa ubatizo wake, lakini aliyemzaa habadiliki. Mimi nikaona inajaza nafasi bure, nikaikata. Uliponiuliza nimeipeleka wapi, nilikujibu mbele ya watu wote: “Shangazi, tunazalisha watoto, hatuzalishi bibi zao.” Wakacheka. Wewe hukucheka. Ulizifunga daftari zako nne ndani ya kitenge, na wiki ile ile ukaenda Pweto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi sikusikia, na aliyeanguka ni mwingine.

Christiane sasa hataki kusikia habari ya programu. Alinishika mkono akaniambia: “Nafisa, turudie ku papier. Hii kitu itatuulia bantu.” Simlaumu, ile damu aliishika yeye. Lakini nimekataa, na nitaendelea kukataa. Hata ingekuwa karatasi, faili la Mama Chola lingekuwa chini ya boksi na hakuna ambaye angelitafuta. Wewe hukuwalinda akina mama kwa karatasi, uliwalinda kwa swali. Kosa langu ni kuufundisha mtambo kila kitu isipokuwa swali hilo. Basi nitaufundisha.

Nimeshaanza. Programu haifungui tena faili jipya yenyewe. Lazima kwanza jina la mama mzazi liandikwe, na ikikuta linalofanana, inasimama na kuniita mimi, mtu mwenye macho. Na kila mama, hata kama simu imemsalimia, anaulizwa upya kwa mdomo alizaaje mara zilizopita. Kuuliza si ujinga, hilo nalo ni lako. Wanaokuja sasa hawanipi shida. Shida ni wale wa zamani, elfu moja mia tatu na ushee, ambao majina ya mama zao niliyakata kwa mkono wangu. Wengine wamehama, wengine wamebadilisha simu. Kina Mama Mapasa peke yao ni tisa, na wawili kati yao wana mimba sasa hivi. Mmoja anatazamiwa kujifungua mwishoni mwa mwezi huu. Anasema zamani alizaa kwetu, lakini sijui ni faili lipi: jina la zamani hataki kulitaja, na mama yake aliyekuwa naye siku ile alikwisha kufariki. Yeye mwenyewe alizimia wakati ule, hajui alifanywa nini. Wewe unajua. Daftari lako linajua.

Christiane amenipa mwezi huu wa kumi tu. Ukifika mwisho na faili hazijakaa sawa, tunazima. Nami sitaki tuzime. Nimelia vya kutosha, sasa nafanya kazi.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, nipe zile daftari. Si lazima ziondoke mikononi mwako. Nitakuja na kompyuta yangu, nitaketi mkekani, wewe usome, mimi niandike, safu ya tatu tangu ukurasa wa kwanza. Macho yako yakichoka, binti yako Imani atasoma na wewe utanirekebisha, kama ulivyozoea.

Nisalimie Baba Kasimu, na Imani pamoja na wanawe. Idrissa anakusalimu na anasema amekumbuka mchuzi wako wa samaki. Mwelwa naye anakusalimu. Ameanza kutembea hadi mlangoni. Mungu akulinde na akupe afya hadi tuonane.

Lori la Léa litarudi tena Pweto tarehe 16, nami nimeshapata nafasi juu yake. Ukinifungia mlango, nitakaa nje na kompyuta yangu, majirani wote wanione. Na ili usiseme nimekuvamia, nimekuandikia miadi kwenye programu ile ile: Jumamosi tarehe 18, saa nne asubuhi. Ijumaa simu yako italia. Huo ujumbe, tafadhali, usome.

Programu ilinidai jina la mama yako mzazi kabla ya kukubali. Nikaandika la bibi yangu, Zaituni binti Salumu. Kisha ikauliza sababu ya kuja. Kuna orodha ya kuchagua: kupimwa mimba, chanjo, kuzaa. Yangu haikuwamo, nikaiandika mwenyewe: kuomba msamaha.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukuheshimu,

Nafisa