Koti Lako Bado Ninalo, Maganga

Maganga, mpagazi wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikufukia mwenyewe. Mimi mzima, ila sikai. Tangu asubuhi naandika mstari, nainuka, nachungulia dirishani kana kwamba hapa mtaani Shard End, huku kwa Waingereza, kuna cha kuona zaidi ya mapipa ya taka na paka wa jirani, narudi, nimesahau nilikoishia. Darasa la nne langu unalijua. Ukikuta herufi imeanguka iokote mwenyewe, huna kazi huko.

Wande yuko mlimani. Ndiyo, mjukuu wako, kule kule kwenye theluji, na shule ile ile. Leo ndiyo siku ya kupanda ile lifti ya viti, na simu haijalia.

Nakuona unavyonuna. Ngoja nikueleze kabla hujafufuka.

Unakumbuka mwaka jana shule ilituambia "aliteleza kidogo". Kidogo. Tulikuwa tunakula wali kwa binti yako Milembe, mtoto akatusimulia kwa Kiingereza chake huku anachambua miba ya samaki. Walipakiwa watoto peke yao kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, begi mgongoni likimsukuma mbele, na kile chuma cha kuwakinga hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukishusha. Kiti kikaondoka. Akateleza. Mwenzake akamdaka mkanda wa begi, Wande akaning'inia hivyo hivyo mpaka lifti ikasimamishwa na watu wakamshikia wavu chini, akadondokea humo. Ukaweka kijiko. Hukukigusa tena siku ile. Fungu lako nikalila mimi, maana samaki hana kosa.

Kuanzia hapo ukawa na swali moja tu: wangapi wengine? Kampuni ya safari ikakujibu kwamba ajali zinaandikwa, ila hazitolewi nje. Ukaniambia, "Pazi, kitu kikiandikwa kisisomwe, kimeandikiwa nani?" Nikakucheka. Nikasema Mnyamwezi kazoea kubeba mzigo bila kuuliza kilichomo, leo imekuwaje. Kisha ukafa, mjinga wewe, hata hujajibiwa.

Kwenye mazishi nilifanya yangu, Mzaramo hamziki mtani wake kimya. Nilivaa koti lako la kijivu na kofia yako ya sufu, nikatembea upande upande kama wewe, nikawaambia wachimba kaburi shimo hili refu mno kwa mtu mfupi, warudishe udongo. Wale Waingereza walidhani nimerukwa na akili. Yule jirani Mkongo akanishika kiwiko anitoe taratibu, Milembe akamwambia, "Mwache, huyo mtani. Asingefanya hivyo baba angekasirika." Akacheka, machozi yanamtoka. Nikaondoka na koti, likae kwangu mpaka wafiwa walikomboe.

Sasa shule ikatangaza safari tena. Milembe akakataa. Wande akagoma kula, anasema yeye theluji haikumwangusha, walimwangusha watu wazima. Ulimi wako huo, usijifanye huujui. Ukaitishwa mkutano wa wazazi, Milembe yuko zamu hospitali kule Edgbaston, akaniomba niende nikasikilize tu. Nisikilize tu, mimi. Nikavaa koti lako.

Kijana wa kampuni akatuonyesha picha za milima, watoto wote wana meno meupe. Nikasimama upande upande, nikatoa ile sauti yako ya kukwaruza: "Wangapi wengine?" Akasema ni wachache sana. Nikamuuliza uchache wao tutaujuaje. Akasema hizo ni siri za familia. Nikamwambia majina ya watoto wa watu siyataki, nataka kujua ni lifti ipi, ilikuwaje, na kimerekebishwa nini. Akanitabasamia lile tabasamu la kumwambia mzee nenda kapumzike.

Basi nikamwomba kwa adabu akae juu ya meza, avae begi langu, miguu ining'inie. Akakubali, maskini, akidhani ni mchezo. Nikaivuta meza. Kidogo tu. Akamkumbatia mwalimu mkuu.

Wazazi walicheka sana. Halafu mama mmoja akaacha kucheka, akauliza: hicho chuma kinashushwa na mtoto au na mkubwa? Kijana akamtazama mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akamtazama kijana.

Hatukutoka mpaka walipokubali mbele yetu sote: mtoto hapandi bila mkubwa pembeni, begi linavuliwa, chuma kinashushwa mara tu wakikaa. La kutangaza ajali wakasema watalifikiria. Unamjua Mwingereza akifikiria.

Milembe akaruhusu. Kwa neno langu, Maganga. Ndiyo maana sikai. Nilimwambia "mwache aende" kwa sauti kubwa, na koti lako mwilini, kama vile mimi ndiye wewe. Ikitokea jambo, wewe umeshakufa. Atakayetazamana na Milembe ni mimi.

Ngoja, simu.

Ni yeye. Kanitumia sauti, upepo unavuma, Kiingereza kitupu. Alikaa katikati, mwalimu pembeni, chuma kilishuka. Nimeketi sakafuni kama mtoto, usicheke. Nimeirudia tena na tena, ndipo nikasikia maneno ya mwisho ambayo mwanzo sikuyasikia, furaha iliniziba masikio. Anasema kwenye kiti cha mbele yao walikuwa watoto wa shule nyingine, wadogo kuliko yeye. Peke yao. Chuma kiko juu. Walifika salama, anasema, hakuna aliyesema kitu.

Hakuna aliyesema kitu. Nimeinuka tena.

Milembe ananiletea jogoo nimrudishie koti la baba yake, desturi iishe. Jogoo nitamla. Koti sitoi. Wakirudi nakwenda nalo ofisini kwa yule kijana, na meza nitaikuta huko huko. Siku watakapozibandika ajali zao mahali mzazi yeyote anaweza kusoma, wa shule yetu na wa shule nyingine, ndiyo siku nitakuja kukufunika nalo mwenyewe.

Mpaka hapo vumilia baridi, mpagazi. Hukuzoea kulala mikono mitupu, najua.

Mtani wako,
Pazi