Nimeng'oa Mpunga wa Mama Mkwe, Nikaacha Magugu, na Bado Ananisifu

Shangazi, shikamoo. Najua meza yako imejaa barua za watu wenye shida nzito kuliko yangu, lakini naomba uiweke hii juu, maana nina siku tisa tu kabla sijaumbuka mchana kweupe.

Mimi ni kinyozi, nimezaliwa mjini na kukulia mjini, mpunga nilikuwa naujua ukishapikwa, na miezi minne iliyopita nilioa binti wa mkulima, mwanamke ambaye nikimwangalia mpaka leo najiuliza aliona nini kwangu, na shida ikaanzia hapo, kwa sababu kaka zake kila nikienda kusalimia wananishika mikono na kuigeuzageuza, "Shemeji, hii mikono au mito ya kulalia?" wanacheka mpaka wanashikana mabega, nami nacheka nao, ila Shangazi, kuna kicheko kinauma.

Basi palizi ilipofika nikajitosa, nikafunga saluni siku mbili nikaenda, na mama mkwe akanipa kipande changu peke yangu, kile cha kando ya mfereji alichorithi kwa mama yake, akaniuliza kwa upole, "Mkwe wangu, mpunga unaujua?" nami kwa mdomo huu nikajibu, "Mama, nani asiyeujua mpunga?" Niliinama tangu asubuhi, matope magotini, nikikagua mstari kwa mstari kama ninavyokagua kichwa cha mteja, majani yaliyonenepa na kusimama vizuri nikayaacha, yale membamba manyonge nikayang'oa, na jioni mama mkwe akasimama juu ya tuta, bila miwani yake maana hataki kuivaa, akatazama ule ukijani ulionyooka, akapiga kigelegele. Kigelegele, Shangazi! Akawaita wanawe, "Njooni muone kazi ya mtu!" na shemeji zangu wakaja, wakatazama, wakanipa mkono bila kuugeuza, nikalala usingizi wa mfalme.

Nilirudi mjini na kishina kimoja nilichong'oa, nikakiweka kwenye glasi ya maji mbele ya kioo cha saluni ili wateja waniulize nami niwahadithie, na Jumanne akakaa kwenye kiti bwana shamba mmoja, nimeshamnyoa upande mmoja, akaiona glasi akasema, "Kinyozi, mpunga huu umeuweka hapa wa nini?" Nikamwambia ni pambo tu. Yeye akaendelea kupiga soga kwamba kuna gugu linafanana na mpunga kama pacha, mtu hulijua likishachanua, na mimi ninavyojua ule unene nilioubakiza, sikuthubutu hata kumuuliza tofauti.

Sasa Jumamosi ya wiki ijayo mama mkwe ameita ndugu zake wote ili mbele yao atukabidhi kile kipande, tukilime wenyewe, na pale ndipo mke wangu alipokuwa akiwafukuza ndege na bibi yake alipokuwa mdogo, na tangu apate habari hiyo anaimba akifua, anaimba akipiga pasi, jana kaimba na mswaki mdomoni. Nikisema ukweli nauzima ule wimbo, na pengine kipande apewe dada yake. Nikinyamaza, magugu yatachanua yaniseme yenyewe. Nifanyeje, Shangazi?

Ni mimi, Mikono Laini

*

Marahaba, Mikono Laini. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini na mhariri ametoka nje kwenda kucheka, kwa hiyo nikuombe radhi kwanza, kisha nikugombeze.

Kosa lako kubwa si kung'oa mpunga. Ni lile jibu la "nani asiyeujua". Kuuliza si ujinga, na wewe uliulizwa kabisa, mlango ukafunguliwa, ukaufunga kwa mdomo wako. Na bwana shamba naye umemnyoa nusu kichwa huku jibu lako liko kwenye kiti! Aibu itakuua wewe.

Ila nina habari njema. Kabla sijakalia kiti hiki nilifundisha biolojia miaka ishirini na miwili, na hilo gugu nalijua. Wewe unadhani limekudanganya. Hata. Zamani halikufanana na mpunga, mengine yalitambaa chini, mengine yalikuwa na mashina mekundu. Mabibi wa mabibi wakaingia shambani, kila kilicho tofauti wanang'oa. Hebu niambie, ukiondoa yasiyofanana yanabaki yapi? Yale machache yaliyozaliwa, kwa bahati tu, yamesimama kidogo kama mpunga. Hayo yakachanua, yakamwaga mbegu, watoto wakafanana na wazazi. Palizi iliyofuata yakapona yaliyofanana zaidi. Nenda hivyo hivyo mamia ya miaka. Gugu halikuitisha kikao likaamua kubadilika, halina akili hata ya kukushinda wewe. Sura hiyo limepewa na wapaliliaji, bila wao kujua.

Wala si shambani tu. Panzi wa majani mabichi ni kijani kwa sababu ndugu zake walioonekana upesi waliliwa na ndege kabla ya kutaga. Swala ana mbio kwa sababu wazembe hawakuacha watoto. Ukame unapalilia, baridi inapalilia, maradhi yanapalilia, na hakuna aliyeshika jembe kwa makusudi. Kila kilicho hai leo, wewe na hiyo mikono yako mkiwemo, ni uzao wa waliopona kila palizi tangu uhai uanze duniani. Mimi nikilikumbuka hilo hufurahi mpaka nasahau kwamba nimesimama kwenye foleni.

Sasa tumia kichwa, si cha mteja, chako. Kama mabibi wale wangekuwa hawakosei, gugu hilo lingekuwepo? Kila shina uliloacha lina bibi yake ambaye aliachwa na mtu hodari kuliko wewe. Mama mkwe wako amewahi kuliacha, na mama yake aliliacha kwenye kipande hicho hicho. Shemeji zako walisimama juu ya tuta na hawakuliona. Umefanya kosa la ukoo, mwanangu. Sasa ndiyo umeoa kwao kweli.

Lakini kosa la ukoo si ruhusa ya kuficha. Leo hii, kabla hujamaliza kukunja gazeti, mwambie mkeo. Atanuna dakika tano, kisha atacheka mpaka akae chini, huyo anayeimba na mswaki mdomoni namfahamu bila kumwona. Kesho mwende wote wawili kwa mama, na glasi yako mkononi, useme, "Mama, nilisema naujua mpunga. Siujui. Nifundishe." Hakuna mama mkwe anayemfukuza mtu aliyesema neno hilo. Halafu ingia matopeni. Usiangalie, papasa. Shika pale jani linapoungana na shina. Mpunga hapo una kiutando kilichochongoka na vinywele pembeni. Gugu halina kitu, limenyolewa safi. Yaani mwenye ndevu ni mpunga, asiye na ndevu ng'oa! Wewe ni kinyozi, jamani, hata ukifumba macho utaweza, na mikono laini waliyoicheka ndiyo inayofaa hapo. Waite shemeji zako, wafungwe vitambaa machoni, mshindane. Kwenye mapengo, gawa mashina ya mpunga ulioshonana upandikize, msimu bado mchanga. Jumamosi ikifika kipande kitakuwa na mpunga mchache na heshima ya kutosha.

Na siku hiyo mama akikukabidhi, usianze tena kujidai unajua kila kitu, kwa sababu ukoo wenu wote ukizoea kupalilia kwa kupapasa ndevu, yatapona magugu yale machache yatakayozaliwa na kinywele, na wewe umeshajua kitakachofuata. Iko siku mjukuu wa mjukuu wako atainama kando ya mfereji huo, apapase, akute gugu lenye ndevu, akimbie nyumbani na aibu kama yako. Atakuta watu wanamcheka, na kipande bado ni chenu.