RAM ya Pili ya Mama

Tainan, Jumapili

Kaka Meng-tse,

Mama mzima, mapapai yameiva, jirani kaleta mbwa mwingine. Habari zimeisha, sasa nisikilize.

Kabla hujaenda Osaka, Mama alilalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito. Ukamwambia haikubali kipande cha pili cha RAM cha kuipa kasi. Muongo mkubwa wewe! Leo nimeifungua, nikasoma namba ya ubao mkuu, nikatafuta maelezo yake mtandaoni. Inakubali mbili zinazofanana, zifanye kazi pamoja. Boksi la RAM bado liko chini ya kitanda chako, limeandikwa vipande viwili. Ndani kimebaki kimoja. Kingine ulikwenda nacho, ukachezee magemu.

Kila ukimpigia simu ya video ukaganda kwenye skrini, Mama anadhani ile pakiti ya kijani ya vitafunio anayoiweka juu ya kompyuta ili itulie na kufanya kazi vizuri imepita tarehe, ndiyo maana mashine haina adabu. Kabadilisha tisa! Jana uliganda tena. Akazima, akasema, "Mwache. Mwanangu kanichoka, anaona aibu tu kuniambia."

Pakiti ya kumi hakuiweka juu ya kompyuta. Kaiweka juu ya picha yako.

Mdogo wako, bisibisi bado mkononi,
Hsiu-ting