Kundi la Spana za Masanja

Masanja, mtani wangu,

Kwa huzuni kubwa, na kwa niaba ya nyumba yangu, kuku wangu na majirani wote wa Kirumba, napenda kukutangazia kwamba bisibisi yako ya mpini wa mninga imepinda. Mkasa huo uliikuta asubuhi, jikoni, mikononi mwa mke wangu, katika jitihada za kufungua kopo la rangi. Imegongwagongwa juu ya jiwe, lakini hali yake si nzuri. Mama Zuhura anaomba radhi. Anasema pia kwamba bisibisi ya maana isingeshindwa na kopo.

Hiyo ndiyo habari niliyoona itakuudhi kuliko zote, nikaona bora nianze nayo. Nyingine ni ndogondogo. Uhuru umepatikana. Bendera imepanda, tumecheza ngoma mpaka viatu vyangu vya kazini vikaachana na soli, na tuliporudi kiwandani kengele ililia saa ile ile na vumbi la pamba likatuwasha pua vile vile. Ulikuwa ukisema, "Uhuru ukija, mtani, karani atabaki karani, ila atatembea amenyoosha shingo." Nimejaribu kuinyoosha. Inauma. Nimechoka, Masanja, uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao, kama mke.

Sijui huko uliko mtu anabaki na kumbukumbu kiasi gani, kwa hiyo nivumilie nikikusimulia unayoyajua.

Mimi Mzaramo niliyeletwa huku na reli, karani wa kupima marobota. Wewe Msukuma wa Kisesa, mwangalizi wa mashine. Siku ya kwanza tu uliniita mtumwa wako, nami nikakuita mpagazi wa babu yangu, tukawa tumemaliza kujuana. Baadaye tukachanga tukanunua gari la yule mpima ardhi wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Yeye alikuwa na haraka ya kuondoka, gari lenyewe halikuwa na haraka ya kwenda popote. Tukalipandisha juu ya mawe uani kwangu, maana Mwanza mtu hanunui mawe, na lile jiwe bapa lililokaa katikati ya ua kama mgeni asiyeaga likawa meza yako ya kazi. Bado lina madoa ya oili. Mvua inapita juu yake, madoa hayaondoki.

Kila Jumapili, ukitoka kanisani, ulivua shati la ibada, ukaingia uvunguni. Kazi yangu ilikuwa kukupa spana isiyo yake. Ukinyoosha mkono ukasema nusu inchi, mimi nakupa ya robo tatu, nayo inarudi ikiruka kama chura. Siku moja ukatoka uvunguni, ukakaa, ukanitazama kwa huruma. "Kumbe karani hajui namba," ukasema. "Labda atajua majina." Ndipo ukazipa majina, kama mtu anavyowapa ng'ombe wake. Ile yenye kutu ya vipele ikawa Madoa. Ile ndogo iliyosuguliwa hadi ikang'aa ikawa Kipara. Iliyovunjika taya moja ikawa Pembe-Moja. Na ile ya kukaza na kulegeza, ambayo mafundi wote wanaiita malaya kwa kuwa haikatai nati yoyote, ulisema hakuna ng'ombe wa mtoto wa mwinjilisti atakayeitwa hivyo. Ukaiita Mkarimu.

Ukachukua tupa, ukazitia alama shingoni, mikato miwili na mmoja wa kulalia, ile ile ya masikio ya ng'ombe wa baba yako. Toka siku hiyo sikukosea tena. Au tuseme nilikosea mara chache.

Na kwa vile ulizifanya ng'ombe, ukazitendea kama ng'ombe. Kwenu mtu haweki kundi lote katika zizi moja. Ugonjwa ukiingia unabaki na kamba mkononi. Anawagawa kwa marafiki, huyu hapa, yule kule, wachunge, wanywe maziwa, lakini ng'ombe bado wake. Wewe ukaanza kugawa spana. Mimi nilidhani ni wazimu. Kipara akaenda kwa fundi cherehani, akawa anakazia cherehani yake. Pembe-Moja akaenda kwa nahodha wa boti pale ufukweni. Madoa na nyundo vikaenda kwa yule jamaa wa baiskeli karibu na soko. Mkarimu ukamtuma kwa mpishi wa misheni, ukasema huko atatulia. Kila ulipogawa ulinichukua nisimame pembeni. "Huyu ndiye shahidi," ukawa unawaambia. "Nikifa, muulizeni huyu." Nami nilikuwa nacheka, nikisema Msukuma haogopi kufa, anaogopa kupotelewa na ng'ombe.

Kikohozi kikaja, kikakaa. Mengine unayajua wewe kuliko mimi.

Siku tulipokuzika Bujora nilifanya wajibu wangu wa utani. Nilijilaza kaburini kabla hamjashushwa, wewe na jeneza lako, nikasema hapa pana nafasi ya Mzaramo mmoja, Msukuma atafute pengine. Watu walicheka kama inavyotakiwa. Mama Kulwa, mke wako, alicheka hadi akalazimika kushikwa. Kutoka mle shimoni sikutoka mwenyewe, wakanivuta kwa mikono, watu wakadhani bado natania.

Baada ya hapo Mama Kulwa alivuka ziwa na watoto kwenda Sengerema, kwa mdogo wako Shija. Na huyo Shija ndiye sababu ya barua hii. Alikuja juzi, kijana mpole, mabega yako yale yale, ila kichwa chake kina nafuu. Amejifunza ufundi kwa wamisionari. Anataka kufungua banda la kutengeneza magari kando ya barabara ya kivuko, maana malori ya pamba yanafia pale kila msimu. Watoto wako watakula kutoka kwenye banda hilo, Masanja, hakuna penginepo. Bila vyombo kamili ataishia kuziba pancha. Akaniamkia, "Shikamoo kaka," akakaa, akasema amekuja kukusanya ng'ombe wa marehemu. Kisha akanipa salamu ya Mama Kulwa. Ilikuwa maneno matatu tu: "Mwambieni shahidi asichoke."

Nilikuwa nimechoka tayari. Nikavaa viatu.

Tulianza kwa fundi cherehani. Kabla hatujaketi alikwishavuta mtoto wa meza, akamtoa Kipara, amempaka mafuta, amemviringisha kwenye kipande cha hariri. "Nimenywa maziwa yake vya kutosha," akasema. Nikaona kumbe mimi ndiye niliyekuwa mwendawazimu.

Nahodha alitukwepa macho. Alituacha tumesimama kwenye mchanga, akaingia kibandani, akarudi na kitambaa amekifunga fundo. Ndani mlikuwa na Pembe-Moja, vipande viwili. Alivunjikia kwenye injini ya boti, katikati ya maji, na ile nati ilifunguka kabla hajakatika. Shija akavipokea kwa mikono yote miwili. Mimi, mtu wa pwani, sikuelewa kwa nini mtu ahifadhi chuma kilichovunjika, hadi Shija aliponieleza njiani: ng'ombe wa watu akikufia, unampelekea mwenyewe ngozi, ajue hukumla. Nahodha yule ni Mjita, wala si Msukuma. Nani alimfundisha? Ni wewe, bila shaka, kwa mdomo wako usiopumzika.

Jamaa wa baiskeli alikana. Alikana vizuri, kwa heshima, huku ameshika nyundo yako. Hajui Masanja, hajui spana, kila kitu hapa ni chake. Nikasema mimi nilikuwepo, nilisimama pale pale penye ule mtungi. Akaniambia, "Mzee, macho ya karani yamechoka na makaratasi." Nusura nikubali, maana kuhusu macho alisema kweli. Shija hakubishana. Aliinama, akamwokota Madoa katikati ya minyororo, akamgeuza shingo, akasugua grisi kwa kidole gumba mpaka mikato ikatokea, miwili na mmoja wa kulalia. Akamwonyesha. Yule bwana akaitazama. "Basi," akasema, "huyu kapotea njia mwenyewe, kaingia zizini kwangu." Shija akacheka, nami nikacheka, na mwenye baiskeli naye akacheka, akatupa na nyundo, akaongeza na msumeno wa chuma ambao nadhani haukuwa wako. Nimeukubali kama ndama.

Mkarimu tulimkuta misheni, jikoni, anavunja mifupa ya supu. Hilo sitaki kulizungumza.

Tukarudi kwangu, tukazipanga zote juu ya lile jiwe. Shija akazitazama, akasema, "Kaka, Bibi hayupo."

Bibi. Ile spana ya pete, kubwa kuliko zote, nzito kama mguu wa kitanda, ambayo hukumgawia mtu. Bila hiyo hakuna gurudumu la lori litakalofunguka pale Sengerema, na malori ndiyo chakula chenyewe.

Nikamwambia Bibi yupo, lakini hatoki. Nikampeleka nyuma ya gari. Ulikuwa umemvisha kwenye ile nati kubwa ya gurudumu la nyuma, Jumapili ile ya mwisho, ukavuta mara moja, ukakohoa, ukakaa chini. Mpini ukauegemeza kwenye jiwe. "Mwache hapo hapo," ukasema, "nitamalizia Jumapili." Toka siku hiyo hakuna aliyemgusa. Mama Zuhura alitaka kuanika nguo pale, nikamkataza, nikamwambia spana imeshikwa na kutu, ukiilazimisha utavunja ekseli. Majirani walioomba kuazima niliwaambia hivyo hivyo. Mafundi wawili walikuja na mafuta ya taa na nyundo kunisaidia, nikawafukuza kwa chai.

Sasa watu hapa mtaani wanasimulia kwamba mimi na Shija tulipambana na kutu ile tangu mchana hadi jua likafika ziwani, tukamwaga mafuta, tukapiga nyundo, na ndiyo maana macho yangu yalikuwa mekundu nilipomsindikiza kivukoni. Hadithi hiyo niliisambaza mimi, kwenye kahawa. Ni nzuri. Wewe nitakuambia ilivyokuwa.

Shija alitaka kushika, kisha akaona uso wangu, akarudi nyuma, akajifanya anahesabu spana. Nikachuchumaa. Nikashika mpini pale ulipokuwa umeushika wewe. Bibi hakuwa ameshikwa na chochote, Masanja. Hakukuwa na kutu ya kumzuia, wala hakuwahi kukazika. Nilimwinua tu akatoka, kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda. Mtoto angeweza kumtoa. Upepo ungeweza. Nami nilijua hivyo tangu wiki uliyokufa, maana nilijaribu mara moja kwa kidole, akacheza, nikamrudisha haraka, nikaanza kuwaambia watu habari za kutu.

Nilikaa pale chini naye mapajani. Shija alingoja. Kisha nikampa, kwa mikono yote miwili kama alivyopokea ile ngozi ya Pembe-Moja. Akamfunga na wenzake kwenye gunia la pamba, nikambebea hadi kivukoni, na sikusema utani wowote njia nzima, jambo ambalo nadhani lilimtisha.

Kwaheri, mpagazi wa babu yangu. Gari bado liko juu ya mawe, na nati ile kwa mara ya kwanza iko wazi, natazamana nayo kila ninapotoka kunawa. Jumapili nitaazima spana kwa jirani yeyote, hata ikiwa ya ukubwa usio wake, niikaze mwenyewe. Nakuahidi hilo. Nikishindwa, nitavuka Sengerema nikamwombe mdogo wako aje anifundishe, na nitaanza kwa kumwita mtumwa wangu.

Mtani wako,
Athumani