Turubai Lililotufunika Mimi na Mama Mkwe

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla sijahama kijiji, na tafadhali jina langu usilitaje redioni maana huku Kalungu wameshanicheka vya kutosha. Mimi ni mkulima wa kahawa, mke wangu Nabbosa amejifungua juzijuzi na mama yake akaja kumlea mzazi, nami nikafanya kila kitu kwa heshima, nikahamia chumba cha nje, tukawa tunasalimiana yeye akiwa nyuma ya mlango na mimi nimechuchumaa uani, maana kwetu mkwe kumkaribia mama mkwe ni mwiko, na tangu nimwoe binti yake hatujawahi kukaribiana hata kidogo.

Sasa Shangazi, msimu uliopita nilinunua turubai la nailoni, lile jembamba la bluu, likachanika kabla mavuno hayajaisha, kwa hiyo safari hii nikajinyima nikanunua turubai zito la kitambaa lenye matundu ya shaba pembeni, zuri kweli, nikatandaza nusu nikaanika kahawa yote, nusu nyingine ikawa ya kufunikia, na kwa kuwa kamba zake nilikuwa nimefungia mbuzi nikaligandamiza kwa mawe tu. Mchana mvua ikaja ghafla na upepo mkali, nikakimbilia upande mmoja kulikunja juu ya kahawa, nikahisi upande wa pili kuna mtu anavuta, nikajua ni Nabbosa, nikapiga kelele, "Vuta, mama watoto! Unavuta kama umelala!" Kumbe ni mama mkwe, na kabla sijatimua mbio upepo ukalinyanyua turubai likatuangukia wote wawili, tukawa gizani, kila nikitafuta ukingo nakutana na kiwiko chake.

Nilifumba macho, Shangazi, ingawa hakuna kilichoonekana. Nikamsikia anasema taratibu, "Mkwe wangu, turubai hili si mchezo. Umelinunua wapi?" Na mimi kwa kuchanganyikiwa nikamtajia duka.

Aliyekuja kutufunua ni jirani yetu Kaweesa, mtu asiyeweza kutunza siri hata ya kuku wake, na jioni hiyohiyo kilabu kizima cha pombe kilikuwa kinatuigiza. Sasa mama mkwe hatoki ndani, Nabbosa hasemi nami, anataka turubai lichomwe moto la sivyo anabeba mtoto anarudi kwao, kahawa nimeitoa kwenye turubai hilo nikaimwaga chini kwenye udongo na imeanza kuota ukungu, na nikishika kikombe mikono inatetemeka, na huku husemwa anayemgusa mama mkwe hutetemeka hivyohivyo, nahisi mwiko umeshanipata. Je, nilichome?

Mkwe Aliyefunikwa, Kalungu

*

Mkwe Aliyefunikwa, barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilicheka hadi fundi mitambo akazima kipaza sauti. Pole sana. Sasa kaa vizuri nikuchape.

Mwiko wa ukwe ni wa wanaokaribiana kwa kutaka. Nyinyi mmesukumwa na upepo, na upepo ulikuta mlango wazi kwa sababu kamba umempa mbuzi! Matundu ya shaba ulidhani ni hereni? Mikono inatetemeka kwa woga, kula ushibe itatulia.

Usichome kitu. Mwite dada yako amkabidhi mama mkwe hilo turubai, liwe lake. Kilichowafunika wote wawili hakifai kurudi kwako, na yeye amekwisha kukuonyesha anakipenda, maana mtu anayekufa kwa aibu haulizi duka. Kahawa iokote leo hii, tenga yenye ukungu, iliyobaki azima majamvi uianike. Ukinunua turubai lingine, linyanyue kwanza palepale dukani, likiwa jepesi kama leso liache. Lishike juani, likipitisha mwanga litapitisha na mvua. Ukifika nyumbani piga vigingi, kila tundu na kamba yake, na kamba uilegeze kidogo kwa sababu kitambaa kikilowa kinajikaza. Mvua ikikatika funua mara moja, kahawa iliyofunikwa juani hutoka jasho ikavunda. Mbuzi mtafutie kamba yake.

Nimebakiza moja, nalo silicheki. Unadhani Nabbosa amekasirikia mwiko? Wewe ulidhani unamfokea yeye. Mwanamke aliyejifungua juzi, tumbo halijapona, wewe unataka atoke mvuani avute turubai zito, tena unamwambia amelala! Alikusikia, baba. Kijiji kizima kilikusikia. Mama yake alivuka mwiko wa maisha yake yote na kuja kulishika turubai lako ili mwanawe asije kulishika. Hilo ndilo linalomfungisha mizigo, na kuchoma turubai hakutalifuta.

Kwa hiyo leo pika uji kwa mikono yako hiyohiyo inayotetemeka, umpelekee mkeo, umwambie, "Nabbosa, nilikukosea." Usiongeze neno la kahawa.