Wifi wa Damu

Jumanne, 11 Machi 2025

Jana mchana tumeanza tu kula, simu ya mume wangu Castory ikalia. Feliksi wa maabara ya hospitali. Kuna mwanamke anatoka damu nyingi, kundi lake O hasi, na benki ya damu haina hata chupa moja ya kundi hilo. Namba ya Castory wanayo tangu alipojitolea kanisani mwaka juzi. Watu wa O hasi mji huu ni wa kutafuta kwa tochi. Kaacha ugali wa muhogo unafuka moshi, kapanda bodaboda na ovaroli lake la oili — alikuwa katoka kufungua injini ya boti kule Katonga, kwenye mwalo wa wavuvi.

Karudi na soda nusu na biskuti, kanipa. Nilijisikia mke wa mtu wa maana! Leo kila aliyeleta kitambaa nimshonee nimemsimulia. Mmoja kasema damu hizo zinauzwa. Nimemjibu vizuri sana. Aliyenisikia angedhani nimetoa mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Wageni. Bibi mmoja wa Simbo, Bi Astérie, mmoja wa wale waliotoka Burundi zamani wakabaki. Na binti yake, Verediana. Mjane. Anaanika dagaa Katonga. Ndiye aliyekuwa anatoka damu.

Hospitali haisemi damu ya nani imekwenda kwa nani. Lakini bibi alikuwa kwenye benchi la maabara, kamwona mtu wa ovaroli anaingia mbio, kamwona anatoka na pamba mkononi, baada ya muda chupa ikapelekwa kwa mwanawe. Katonga mtu wa ovaroli la oili haulizwi mara mbili.

Wameleta mawese dumu zima, mihogo, na doti ya khanga, yangu. Nimetafuta kijembe kwenye maandishi, sikukiona.

Bibi kamshika Castory mikono miwili. Kasema zamani kwao, na hata kwetu Waha, watu walichanjana chale, wakaonja damu, wakawa ndugu hadi kaburini. "Sasa wewe umempa chupa nzima, mwanangu. Hawa ni ndugu. Ndugu hawaoani."

Hawaoani? Nani alitaja kuoana?

Castory anacheka tu. Verediana kainamisha kichwa. Ana shingo nzuri. Nimeiona mara moja, na mimi si mtu wa kutazama shingo za watu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemuuliza kama anamwona mzuri. Kasema mchuzi umezidi chumvi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mbalamwezi imejaa. Dagaa hawafuati taa, wavuvi wote wako nchi kavu, wamelala au wanacheza bao. Castory ndiye aliyewaambia watu wa damu salama waje siku hizi Katonga, si nyingine. Mwaka jana walikuja wakati wa giza, mialo mitupu, wakarudi na masanduku yao. Wamempa kipaza sauti. Na mwenzake wa kuhamasisha ni nani? Verediana! Yeye ushuhuda, Castory mtoaji. Wamesimama pamoja juu ya kichanja cha dagaa kama maharusi wanaopokea zawadi.

Nilikwenda. Nilisema napeleka chakula.

Verediana akaongea. Sauti ndogo, lakini watu walinyamaza. Kasema alisikia miguu inakuwa baridi, akamsikia mama yake analia kwa Kirundi, halafu akasikia joto linaingia mkononi. "Sikujua ni la nani. Mtu aliyeacha chakula chake." Akamtazama Castory. Mimi ndiye niliyekipika hicho chakula.

Mvuvi mmoja akauliza kama ni kweli mwanaume akitoa damu nguvu zinapungua. Castory akasema kwenye kipaza sauti: "Muulizeni mke wangu, yule pale na hotpoti."

Mwalo mzima uligeuka. Nilitamani ziwa linimeze. Kicheko kile! Lakini foleni ikaanza kujipanga hapo hapo, wanaume wakubwa wanakunja mikono ya mashati. Wametoa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Sasa wanaalikwa mtaa wa Gungu, na kwenye misa mbili. Wawili hao.

Mtu wa damu kaniuliza: na wewe mama, hutaki? Nimesema nina haraka.

Jumapili, 4 Mei

Nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe, basi. Nilikuwa nauita majina mengine: uchovu, heshima ya nyumba, macho ya majirani. Ni wivu. Castory hajafanya kosa hata moja ninaloweza kulishika, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekosa ningejua la kufanya.

Damu yake inazunguka ndani ya yule mwanamke. Nimezaa na Castory watoto watatu, nimemfulia maovaroli yale kwa mafuta ya taa, na tone lake la damu sina. Yule anayo chupa.

Leo Verediana kaja baada ya misa. Kaingia jikoni bila hodi, kafunua sufuria ya samaki, kaonja. "Wifi, mgebuka huu umeupatia." Wifi! Na wifi huwezi kumfukuza jikoni, kaka yake atasema nini.

Tukiwa tunamenya vitunguu kaniambia uvimbe bado uko kwenye kizazi. Hawakuutoa kwa sababu alikuwa hana damu ya kutosha. Operesheni kapewa mwezi wa sita, daktari anataka damu ya akiba iwepo kwanza. Kasema anaogopa. Kasema, "Nikimfikiria kaka naogopa kidogo tu." Nilikata kitunguu. Machozi yalikuwa ya kitunguu.

Jumanne, 10 Juni

Castory kaondoka asubuhi na boti ya Hamdani, wamekwenda kijiji cha kaskazini kuna injini imekufa. Atalala huko. Simu yake kaisahau kwenye chaji.

Imelia saa nane. Feliksi. Miezi mitatu ya Castory imetimia, anaweza kutoa tena. Operesheni ni kesho alasiri, chupa za O hasi wamepata moja kutoka mbali, daktari anataka mbili. Hakutaja jina la mgonjwa. Hakuhitaji.

Nimesema hayupo. Ni kweli hayupo. Kasema basi mama, mtafute, aje kesho kabla ya mchana. Nimesema sawa.

Namba ya Hamdani ninayo kwenye simu yangu. Nimeshona sare za kwaya mpaka jioni. Sikupiga.

Jumatano, 11 Juni

Naandikia hapa kwenye benchi la maabara.

Nimeamka na wazo, nikaliona zuri sana: nitakwenda mwenyewe. Iingie damu yangu. Akae na damu ya mwanamke mwenzake, amwite Castory kaka wa kitu gani tena? Nimevaa vizuri. Nimefika kabla hawajamaliza kupiga deki.

Feliksi kanipima presha, uzito, wingi wa damu, kanichoma kidole. Kaniambia mimi ni A chanya. Haimfai mgonjwa wa O hasi. Ikiingia inaweza kumuua. Nimesema basi nimekuja bure. Kasema hakuna anayekuja bure hapa, wodi zimejaa watu wa A. Kisha kauliza: baba amepatikana?

Nikalala kwenye kitanda ili nisijibu. Sindano inauma kidogo tu. Damu ni nyeusi kuliko nilivyodhani. Itakwenda kwa mtu nisiyemjua, ambaye sina sababu ya kumchukia.

Nilipotoka, Bi Astérie alikuwa kwenye benchi na rozari. Kaona pamba mkononi mwangu. Kapiga magoti! Mtu mzima, mbele yangu, sakafuni. "Imana iguhe umugisha, Mungu akubariki. Umekuja wewe mwenyewe, mwanangu." Nimemwinua. Nilitaka kumwambia si kwa ajili yenu. Badala yake nimemketisha kwenye benchi.

Sasa kakaa ubavuni mwangu, kaniegemea. Anadhani kila kitu kiko tayari. Saa nne imepita. Kutoka kule kaskazini kwa boti ni mwendo wa saa moja na zaidi, ziwa likiwa tulivu.

Bado nina wivu, hata sasa. Haukutoka na ile chupa.

Nimetoa simu. Feliksi kasimama mlangoni ananitazama. Nimepiga mara ya kwanza, haipatikani. Mara ya pili, haipatikani. Bibi kauliza ninampigia nani, nimesema kaka yake Verediana.

Sasa inaita. Pokea, Hamdani.